Fundi wa Kamusi na Neno la Kila Siku

Wengi hudhani mtunzi wa kamusi huhangaishwa na maneno magumu. Mambo yako kinyume. Neno gumu huwa na wenyewe: daktari, mhunzi, nahodha. Ukishawauliza wenyewe, kazi imekwisha. Linalomtoa mtunzi jasho ni lile ambalo hata mtoto wa chekechea analo mdomoni. Kiingereza kina vivumishi tele vya namna hiyo, nami nikitaka kumpima fundi wa kamusi humpima kwa kimoja tu, "nice".

Msikilize Mwingereza kwa siku moja. Jirani aliyempokea mizigo ni "nice". Hali ya hewa ni "nice", hata kama jua limetoka kidogo tu na mawingu yamelikalia tena. Chai ikiwa na moto wa kuridhisha, atasema ni "nice and hot", na hapo neno halisifu kitu kwa nguvu zake lenyewe. Linakoleza sifa inayofuata. Mtoto akivunja glasi, mama yake hulitamka neno lilelile kwa sauti iliyoshuka, na mtoto akajua leo ameumbuka. Mchezaji akikosa bao kidogo tu, wenzake humwambia "nice try", pole na pongezi kwa pamoja. Mtu akiulizwa riwaya aliyoazimwa ameionaje, akajibu "nice" na kunyamaza, mwenye kitabu huanza kushuku kwamba hakikusomwa. Halafu, mahakamani, wakili mzee anasema suala lililo mezani ni "nice", na hana nia ya kumfurahisha yeyote: anamaanisha linasimama juu ya tofauti ndogo mno, inayotaka jicho kali.

Fundi anakaa na yote hayo na kujiuliza: maana ziko ngapi? Nne? Saba? Hakuna mzani wa kumsaidia. Akigawanya mno, msomaji anapotea njiani. Akiunganisha mno, kejeli ya mama na sifa ya jirani zinalazwa kitanda kimoja. Njia mojawapo ya kujijaribu ni kuchukua fasili yake na kuiweka ndani ya sentensi mahali pa neno. Sentensi ikisimama, fasili ibaki, ikichechemea, arudi mezani. Tena fasili isiwe ngumu kuliko neno lenyewe. Kulieleza neno la mtoto kwa lugha ya profesa ni kushindwa kazi, na kamusi zilizoshindwa hivyo si chache.

Chini ya maana za leo kuna za jana. Neno hili lilianzia Kilatini, "nescius", yaani asiyejua. Likapita kwa Wafaransa, na lilipoingia katika Kiingereza cha zama za kati kumwita mtu "nice" kulikuwa kumtukana: mpumbavu. Karne zilizofuata likamshika mpenda anasa, mwenye haya, mchaguzi asiyeridhika upesi, na jambo la usahihi mkubwa, ndilo hilo la wakili wetu. Katika karne ya 18 ndipo lilipoanza kuzoea uzuri na upendezo, na si kila mtu alifurahi. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake, Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kukiita hivyo kitabu anachokipenda, eti bila shaka anasifia jalada lake. Utani mtamu. Lakini Henry alipambana na bahari nzima ya wasemaji, nao walimshinda. Mtunzi wa kamusi ana adabu ambayo Henry hakuwa nayo: huandika watu wanavyosema, hata pale sikio lake mwenyewe linapokataa.

Safari yote hiyo ya neno tunaijua kwa sababu ya vikaratasi. Mwaka 1879 James Murray, mwalimu aliyezaliwa kijiji cha Denholm, Uskoti, na aliyekabidhiwa kuhariri kamusi ya Kiingereza iliyokuja kuitwa ya Oxford, alijengewa banda la mabati huko Mill Hill, London, lenye vijisanduku zaidi ya elfu moja vya kupangia. Akawaomba watu popote Kiingereza kinaposomwa wamnakilie sentensi kutoka vitabuni, kila moja kwenye kikaratasi chake, pamoja na jina la kitabu na mwaka. Vikaratasi vya waliomtangulia vililetwa kwa magunia. Gunia moja lilikuwa na panya aliyekufa, jingine panya hai na watoto wake; vya herufi H vilikuwa Florence, Italia. Watoto wa Murray walivipanga kwa alfabeti ili wapate vijisenti. Kamusi ilitazamiwa kumalizika kwa miaka 10. Baada ya miaka 5, mwaka 1884, ikatoka sehemu yake ya kwanza: kuanzia A hadi "ant", sisimizi.

Banda la pili, Oxford, lilichimbiwa ardhini, na kwa baridi yake Murray alifanya kazi akiwa ametia miguu sandukuni. Alifariki 1915 kazi ikiwa bado. Herufi N, na "nice" ndani yake, ilikuwa tayari imeangukia kwa William Craigie, Mskoti mwenzake. Kamusi ilikamilika 1928 ikiwa na maneno 414,825 na nukuu zaidi ya milioni 1.8. Neno moja, "bondmaid", lilikosekana mahali pake kwa sababu vikaratasi vyake vilipotea. Kasoro hiyo naipenda kuliko takwimu zote, maana inaonyesha kazi ilipita katika mikono ya watu.

Kompyuta imeondoa mzigo wa kunakili. Kamusi ya COBUILD, iliyotoka 1987 chini ya John Sinclair wa Birmingham, ilitungwa juu ya hazina ya matini zilizohifadhiwa katika kompyuta. Hata hivyo mashine huleta sentensi tu. Kuamua maana moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi bado ni kazi ya fundi. Katika zama hizi hizi za kompyuta, Peter Gilliver wa kamusi ya Oxford alitumia miezi 9 na kitenzi kimoja, "run", akatoka na maana 645.

Nasi tuna "safi" na "poa", maneno yaliyotembea mbali na usafi na ubaridi. Atakayetaka kuandika safari zake atahitaji ushahidi wenye tarehe: magazeti kama Mambo Leo, lililoanza 1923, na barua zilizoandikwa na watu wa kawaida. Basi ukikuta sanduku la barua za babu, usizichome. Zisome, na zisizo na mwaka uziandikie mwaka unaoujua, kisha mtafute mtu wa kamusi umwonyeshe.