"Kasi" Moja kwa Vipimo Viwili

Miongoni mwa kasoro zinazojirudia katika tafsiri za miongozo ya mitambo ni kulifanya neno "kasi" lisimame badala ya vipimo viwili visivyo sawa. Mfasiri huiona kasoro hii kuwa ndogo. Anayeilipia ni fundi.

Na tumchukue fundi wa Mbinga anayejiundia mashine ya kunolea mapanga na mikasi ya kupogolea mibuni. Mota yake huzunguka mara 1,450 kwa dakika. Akifunga puli ya kipenyo cha milimita 200 kwenye mota, na ya milimita 100 kwenye mhimili wa jiwe, atazidisha 1,450 kwa 200, kisha atagawanya kwa 100. Tusipohesabu kuteleza kwa mkanda, jiwe litazunguka mara 2,900 kwa dakika. Akizibadilisha puli hizo, litazunguka mara 725 tu.

Hesabu ni nyepesi. Lugha ndiyo nzito. Mwongozo ukisema kwamba kasi ya puli zote mbili ni sawa, kisha useme kwamba kasi ya puli ndogo ni maradufu, fundi ashike lipi? Kauli zote mbili ni kweli. Kingo za puli hukimbia pamoja na mkanda, mita 15 hivi kwa sekunde. Kinachotofautiana ni idadi ya mizunguko.

Hili si suala la ufasaha tu. Jiwe la kipenyo cha milimita 200, likizunguka mara 2,900 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 30 hivi kwa sekunde. Jiwe la milimita 300, kwa mizunguko ile ile, hupita mita 45. Ikiwa limeandikwa kikomo cha mita 35, laweza kupasuka na kumrukia fundi usoni, ilhali yeye aamini kwamba "kasi" hakuibadili.

Wako watakaosema kwamba mafundi wana neno lao, "spidi", nalo latosha. Halitoshi, kwa kuwa nalo lina utata ule ule. Lakini "puli" yafaa kuachwa ilivyo. Wanaopendelea "kapi" wasahau kwamba hilo ni neno la mabaharia, la kupandishia tanga na kuinulia mizigo. Likipelekwa katika karakana ya Mbinga, au ya Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, laleta picha ya kamba na mzigo, wala si ya mkanda na mhimili.

Kwa hiyo twapendekeza: "kasi ya mzunguko" kwa mizunguko kwa dakika, "kasi ya ukingo" kwa mita kwa sekunde, "puli" kwa mkanda, na "kapi" kwa kuinulia. Tena kila tarakimu iandamane na kizio chake. Mfasiri, mwalimu na mtumishi anayepitisha mwongozo hawana budi kujiuliza kabla ya kutia sahihi: je, fundi aweza kukokotoa kwa maneno haya bila ya kubahatisha?