Kupanga na Kupangwa: Nyumba ya Mhamiaji katika Riwaya Mbili za Kezilahabi

Ni maneno machache ya Kiswahili yenye sura mbili zisizopatana kama neno kupanga. Mtawala hupanga vijiji. Mnyonge hupanga chumba. Wa kwanza huitwa mpangaji kwa kuwa wengine watakaa pale atakapo yeye. Wa pili huitwa mpangaji kwa kuwa hana pa kukaa ila kwa kulipa. Lugha imewapa jina moja watu wawili ambao aghalabu hawaonani uso kwa uso. Kazi moja ya riwaya ni kuwakutanisha. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alikaribia kuifanya kazi hiyo katika vitabu viwili, Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Inafaa kupima alifika wapi, na wapi aliacha.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo, kijana Tumaini anatoka Ukerewe, na baada ya maisha ya ufujaji anahamia Shinyanga. Huko anakuwa mkulima mkubwa mwenye shamba na mali. Kisha siasa ya ujamaa inamfikia. Shamba linatakiwa kuwa la umma. Naye anamwua kiongozi wa serikali, na mwisho anapoteza maisha yake kwa kosa hilo. Wahakiki wengi wamekisoma kisa hiki kama shauri lililo mbele ya baraza, ubepari upande huu na ujamaa upande ule, wakabishana mwandishi alisimama wapi. Ubishi huo una haki yake, lakini umefunika jambo lililo wazi. Tumaini ni mgeni Shinyanga. Mtu aliyehama hana kaburi la babu wala shina la mti wa ukoo katika nchi aliyohamia; nyumba na shamba ndivyo ushahidi wake wa pekee kwamba amefika. Basi anyang'anywapo, hapunguziwi utajiri tu, bali anarudishwa ugenini. Msomaji akilitambua hili hatamsamehe kwa kuua, lakini ataelewa kwa nini hasira yake ilizidi hesabu ya mali.

Gamba la Nyoka inageuza kioo. Hapa si mtu mmoja anayehama kwa kutaka, bali ni vijiji vizima vinavyohamishwa. Watu wa Kisole na Bucho wanaambiwa waondoke, wako wanaokataa, nguvu inatumika. Kezilahabi anasimulia kwa kejeli, na kejeli yake inachoma zaidi pale wasomi wapangao maisha ya wenzao wanapoonekana kutojua wanachokivunja.

Walichokivunja kilikuwa kitu gani? Jibu liko katika neno kaya. Katika lugha ya serikali kaya ni hesabu: watu walao chungu kimoja, wakaandikwa na karani wa sensa. Kwa Msukuma kaya ni boma zima: nyumba, zizi, ghala, ua wa minyaa, na karibu yake ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyohamishwa kwa haraka. Ngitili nyingi zikafa kwa kuwa wenyewe walipelekwa mbali nazo, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ukawa na kazi ya kuwarejesha watu katika desturi waliyokuwa nayo. Aliyepanga aliona nyumba, hakuiona kaya. Wahenga walikwisha kuonya: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Hadi hapo Kezilahabi ni shahidi mwema. Upungufu wake unadhihirika msomaji anapoondoka Shinyanga kuelekea magharibi kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, nao huu wa mwisho ukaacha uchimbaji mwaka 2021. Mkoa wa Geita wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa ya Shinyanga, ikaamka katika mkoa mpya pasipo mtu wake hata mmoja kufunga mzigo. Lakini wengi walifunga mizigo. Baba hutangulia, akalala kambini penye maduara chini ya turubai. Mama na watoto hufuata baadaye, na hapo ndipo shida huanza. Katika mji wa Geita au Katoro mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, kabla ya ufunguo. Dalali naye ana sehemu yake. Chumba cha bei nafuu kiko pembeni, na pembeni maji ni mbali na shule ni mbali. Hakuna askari aliyemsukuma mtu huyu. Bei imemsukuma, na bei haina uso wa kukasirikiwa.

Mtu wa namna hii hakai katikati ya riwaya hizi mbili. Katikati yake wamekaa mwenye mali na mwanakijiji. Mpangaji wa chumba amebaki mlangoni. Pengine atatetea mtu kwamba mwandishi si karani wa nyumba, na kwamba kila kitabu hujibu swali la zama zake. Utetezi huo ni wa kweli nusu. Mwaka 1975 miji ilikwisha kuwa na wapangaji. Ndyanao Balisidya, katika Shida iliyotoka mwaka huo huo, aliwafuata vijana wa kijijini hadi Dar es Salaam akaonyesha jinsi mji unavyompokea asiye na kitu. Kezilahabi angeweza kuona hivyo hivyo. Lakini swali la nani atawale lilimvuta kuliko swali la nani alale wapi.

Hata hivyo deni hili si lake peke yake. Uhakiki uliojifunza kuuliza tu kama riwaya inaunga mkono ujamaa au inaupinga, hautakuwa na la kuuliza riwaya ya Geita itakapowekwa mezani pake. Inafaa kuanza na swali dogo zaidi, ambalo mama mwenye watoto hulijua kabla ya msomi: jua limekuchwa, nani anashika ufunguo?