Nani Alimfanya Lorelei Muuaji?

Ukitaja mizuka ya mito ya Ujerumani, wengi watakujibu jina moja tu: Lorelei. Yule mrembo wa mwamba wa mto Rhine, karibu na St. Goarshausen, anayechana nywele zake za dhahabu huku mwenye mashua anazama. Watu wanadhani ni wa kale kama mwamba wenyewe. Sivyo, ndugu msomaji. Mwamba ni wa kale, na mwangwi wake ulijulikana tangu zamani. Bibi huyu ni mtoto wa juzi. Alizaliwa kwa kalamu ya Clemens Brentano, katika riwaya yake Godwi, mwaka 1801.

Na huyo wa Brentano wala si mzuka! Ni msichana wa Bacharach, binadamu kama wewe, aliyeachwa na mpenzi wake. Wanaume wanaomtazama wanaangamia, lawama anabebeshwa yeye. Anaitwa mbele ya askofu kwa uchawi. Askofu mwenyewe anababaishwa na uzuri wake. Msichana anaomba afe. Anapelekwa nyumba ya watawa akisindikizwa na askari watatu wa farasi. Njiani anaomba kupanda mwamba atazame mara ya mwisho, na huko ndiko anakoanguka.

Mwaka 1824 Heinrich Heine akatoa shairi lake. Mpenzi hayupo, askofu hayupo. Kimebaki kitana, nywele, wimbo na maji. Friedrich Silcher akalitia muziki miaka ya 1830, kwaya zikalidaka, basi kesi ikafungwa: aliyeonewa akawa muuaji.

Je, tumlaumu Heine? Mimi nasita. Msome polepole. Msemaji wake anaanza kwa kukiri kwamba haelewi huzuni yake inatoka wapi, na mwishoni hasemi ameona mtu akifa. Anasema anaamini tu. Shahidi gani huyo? Waimbaji ndio walioisahau ile shaka.

Hata hivyo, ukiniambia nichague, namchukua binti wa mto Elbe katika visakale vya ndugu wawili Grimm (1816). Huyu haketi mwambani. Anakuja sokoni Magdeburg kununua nyama, kapu mkononi, nadhifu, mwenye haya. Utamjuaje? Ncha moja ya aproni yake nyeupe imelowa siku zote. Basi! Ncha ya nguo tu, na mwili unasisimka kuliko kwa dhahabu yote ya Lorelei. Kijana wa bucha anampenda, anamfuata mpaka majini. Dalili ya heri ingekuwa sahani ya mti yenye tofaa juu ya maji. Kinachoibuka ni mstari mwekundu. Jamaa za binti hawakumtaka mkwe huyo. Hapo kifo kina sababu yake, tena ya kifamilia. Hakuna aliyeuawa na uzuri wa mtu.

Nasema haya kwa sababu sisi tunaoanza kuandika tunampenda mno mwanamke wa mbalamwezi anayemaliza wanaume. Tunajidai tunarithi mapokeo, kumbe tumerithi shairi moja lililokatwa kisa chake. Kabla hujamtuma chunusi wako kumzamisha mtu, bwana, muulize kwanza: na wewe ulifanywa nini?