Mkataba na Ibilisi: Nani Mwenye Kudai?

Wahakiki wanaolinganisha kitabu na filamu iliyotokana nacho huuliza kwa kawaida kama filamu imekifuata kitabu. Kwa hadithi za mtu aliyemwuzia Ibilisi roho yake, swali hilo halitoshi. Kitabu cha Kijerumani cha 1587 kilimhukumu Faust jehanamu; Goethe, katika sehemu ya pili ya tamthilia yake iliyotoka 1832, alimwokoa; nayo filamu ya F. W. Murnau ya 1926 ilimwokoa kwa nguvu ya mapenzi. Mwisho umegeuzwa mara nyingi. Linalostahili kuchunguzwa ni hili: katika kila masimulizi, ni nani anayehesabiwa kuwa amedhulumiwa?

Mfano ulio bora ni hadithi fupi ya Mmarekani Stephen Vincent Benét, iliyochapishwa mwaka 1936. Jabez Stone, mkulima wa New Hampshire aliyeandamwa na mikosi, anatia saini mkataba, anafanikiwa, na siku ya kulipa inapokaribia anamwendea wakili Daniel Webster. Kesi inasikilizwa mbele ya baraza la wafu. Watu wa kesi hiyo ni watatu tu: mdeni, mdai na wakili. Majirani wa Stone hawana kauli. Ufasaha wa Webster unamfungua mteja wake, na kosa la Stone linabaki kuwa kuweka rehani kitu kisichowekwa rehani.

Filamu ya William Dieterle ya 1941 inaipanua kesi. Benét mwenyewe alishiriki kuuandika mswada wake, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba hadithi iliharibiwa na wageni. Humo Stone anawakopesha majirani kwa masharti ya kinyonyaji, anajijengea jumba, na kumpuuza mkewe. Wakulima wenzake wanataka kuungana katika chama ili wajinasue na wakopeshaji. Yeye anajitenga nao, na hatimaye anarudi kwao. Kosa basi si saini peke yake, bali ni yale yaliyotendwa kwa fedha za saini hiyo. Mwishoni Ibilisi, akiwa amefukuzwa, anafungua daftari lake, kisha anamnyoshea kidole mtazamaji.

Mtazamaji wa Manyatta, katika Embu, hahitaji kufafanuliwa kidole hicho. Kwenye miteremko hiyo ya Mlima Kenya mkulima hupeleka kahawa yake kwenye kiwanda cha ushirika, kisha akangoja malipo, ilhali karo ya shule haingoji. Anayemjia na fedha taslimu kabla ya malipo hayo huonekana kwanza kuwa mwokozi. Mkulima huyo ataelewa pia kwa nini filamu inamrudisha Stone chamani, wala haiishii kumrudishia roho yake.

Hadithi ya aina hiyo imo pia katika fasihi iliyo karibu naye zaidi, maana Kiembu na Kikuyu ni lugha jirani. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *Caitaani Mũtharaba-inĩ* (1980), iliyotolewa kwa Kiswahili kwa jina la *Shetani Msalabani* (1982), mzee wa Bahati anasimulia habari za Nding'ũri, aliyeuza roho yake akapata mali. Mali hiyo inatokana na damu na nyama za wanakijiji. Hapa hapana wakili. Waliodhulumiwa ndio wadai na ndio mahakimu, na hukumu yao ni moto.

Mtu akitaka kuigeuza simulizi hii kuwa filamu atakabiliwa na mitego miwili. Wa kwanza ni ule wa filamu za video zilizofuata nyayo za *Living in Bondage* ya Nijeria (1992). Andy anamtoa mkewe kafara ili atajirike. Mzimu wa mke unamwandama, jambo ambalo ni sifa kubwa ya filamu hiyo, kwa kuwa aliyedhulumiwa anaonekana. Lakini suluhisho linapatikana kanisani, na kesi inakuwa tena baina ya mkosaji na Mungu wake.

Mtego wa pili ni moto wenyewe. Katika simulizi ya mzee, moto ni sitiari. Kwenye skrini mtu anaungua mbele ya macho yetu, katika nchi ambayo mwaka 2008 wazee waliteketezwa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mtengenezaji asiyelifikiria hilo atakuwa amewafunza watazamaji kumsaka Ibilisi katika nyumba ya kikongwe.

Njia iliyofunguliwa na Dieterle, ya kumleta mkosaji mbele ya aliowadhulumu akiwa hai, haijamaliza tatizo, maana kurudi chamani si sawa na kurudisha kilichochukuliwa. Hata hivyo ndiyo njia yenye haki zaidi. Filamu itakayomwacha Nding'ũri apige magoti, asamehewe, kisha aondoke na mali yake yote, itakuwa imemwokoa mtu mmoja na kuwanyang'anya wanakijiji kesi yao.