Sentensi za Jipiesi: Uhakiki wa Tafsiri ya Lugha ya Vipimio katika Handeni na Korogwe

Iko lugha moja iliyoingia katika vijiji vya Handeni na Korogwe, ambayo wataalamu wa lugha bado hawajaitazama vya kutosha. Nayo ni lugha ya kile kipimio cha mkononi kiitwacho jipiesi, ambacho mpimaji hukishika anapozunguka mpaka wa shamba. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, mwanakijiji aweza kupewa hati ya haki miliki ya kimila. Mpango wa MKURABITA, ulioanzishwa mwaka 2004, uliifanya Handeni kuwa mahali pa majaribio ya kurasimisha ardhi ya vijijini. Na tangu Juni 2022 familia zilizohama Ngorongoro zimegawiwa viwanja na mashamba huko Msomera, katika wilaya hiyo hiyo. Palipo na ugawaji pana vipimo, na palipo na vipimo pana maneno ya kutafsiriwa. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba tafsiri yetu ina kasoro: twachukua tarakimu za mashine, na mashaka yake twayaacha.

Kwanza yafaa tuijue lugha yenyewe. Vipimio vingi vya aina hii hufuata kanuni zijulikanazo kama NMEA 0183, zilizotolewa Marekani mwaka 1983 kwa ajili ya vyombo vya baharini. Habari hutoka kwa mfululizo, yaani alama moja baada ya nyingine katika uzi mmoja, kama watu wapitao mlango mwembamba. Mwendo wake wa kawaida ni biti 4,800 kwa sekunde. Na kwa kuwa kila herufi huchukua biti 10, herufi 480 hupita katika sekunde moja. Siku hizi habari hizo zaweza kupita hata pasipo uzi, walakini umbo lake ni lile lile. Jambo la kumpendeza mwanaisimu ni kwamba waliotunga kanuni hizo walikopa istilahi zetu. Kila fungu la habari waliliita sentensi; kipimio wakakiita msemaji, na mashine ipokeayo wakaiita msikilizaji. Sentensi huanza kwa alama ya dola, nayo haizidi herufi 82.

Natuchukue mfano mmoja tulioutunga kwa mahali palipo karibu na mji wa Korogwe, tukiacha sehemu ya mwisho:

$GPGGA,081500,0509.00,S,03828.00,E,1,05,2.8

Sentensi hii haina kitenzi wala upatanisho wa ngeli. Maana yote imo katika mpangilio: neno likihama nafasi yake, maana hupotea. Msemaji akiwa hana la kusema, huacha nafasi tupu kati ya mikato miwili. Kunyamaza huko ndiko kusema “sijui”.

Sasa tutazame makosa ya tafsiri. Mosi, 081500 si saa nane na robo. Ni saa ya ulimwengu, ambayo kwetu ni saa tano na robo asubuhi. Pili, 0509.00 si nyuzi 5.09, bali ni nyuzi 5 na dakika 9, yaani nyuzi 5.15 kusini. Vivyo hivyo 03828.00 ni nyuzi 38 na dakika 28 mashariki. Anayezisoma tarakimu hizo kama desimali tupu huihamisha Korogwe karibu kilometa 7 upande wa kaskazini na karibu kilometa 20 upande wa magharibi. Makosa haya mawili ni makubwa, na kwa sababu hiyo hugunduliwa upesi.

Kosa la tatu ndilo la hatari, kwa kuwa halionekani. Tarakimu tatu za mwisho zasema hivi: mahali pamepatikana kwa njia ya kawaida, isiyosahihishwa, setilaiti zilizotumika ni 5, na kadiri ya mpangilio wa setilaiti angani ni 2.8, ambapo tarakimu ikizidi kukua, mashaka nayo huzidi. Kwa istilahi za sarufi, hivi ndivyo vielezi vya sentensi. Lakini katika majedwali yaandikwayo baada ya kazi, aghalabu husalia safu mbili tu, ya kusini na ya mashariki. Mashine imesema “nadhani ni hapa”. Mfasiri ameandika “ni hapa”.

Hasara yake yaweza kuhesabiwa. Vipimio vikubwa vya wapima ardhi huweza kupunguza kosa hadi sentimeta chache. Cha mkononi, mahali pa wazi, huweza kukosea meta 3 hata 10, na chini ya miti zaidi ya hapo. Mpaka wenye urefu wa meta 200 ukisogea meta 5, zimehama meta 1,000 za mraba, yaani karibu robo ekari. Kwa mkulima wa mahindi, robo ekari si nukta ya desimali.

Sehemu ya lawama iko katika istilahi zetu. Neno “kipimo” tumelitwika mizigo mitatu: chombo, kizio, na matokeo. Mtu asemapo “kipimo kina kosa”, hatujui kama chombo kimeharibika au tarakimu haiaminiki. Napendekeza chombo kiitwe “kipimio”, kwa unyambuaji ule ule uliotupa “chujio” na “kikalio”. “Kipimo” libaki kwa kizio, kama vile meta na ekari. Na matokeo yaitwe “jibu”. Neno hili la mwisho si la kubuni, maana wagonjwa katika hospitali zetu husema kila siku “majibu yametoka”. Nalo lina faida moja kubwa: jibu laweza kuulizwa tena.

Huenda mtu akasema kwamba wanakijiji watachoshwa na hesabu za setilaiti. Sioni hivyo. Wazee wetu walipima kwa shibiri, dhiraa, wari na pima, nao walijua kwamba mkono wa huyu si mkono wa yule. Maneno ya kukadiria tunayo tele: yapata, takriban, kadiri ya. Inatosha kuandika hivi: “Alama hii iko hapa, kwa kadiri ya meta 5 kila upande, majirani wa pande zote mbili wameiona, wakaikubali.” Hapo mkonge uliopandwa mpakani na ushuhuda wa jirani vitapewa uzito vinavyostahili, navyo vitakijazia kipimio pale penye mashaka.

Neno “uhakiki” hutumika pia kwa kazi ya kukagua mipaka, na maana hizo mbili zakutana hapa. Mwenye kuhakiki mpaka anahakiki maandishi, na maandishi yaliyofutiwa mashaka yake hayajakamilika.