Anzia Kwenye Birika

Ukialikwa kuona mradi wa maji ya mifugo, mwenyeji atataka kukupeleka kwenye pampu kwanza. Mshukuru, kisha mwombe mwanzie kwenye birika, saa kumi jioni, ng'ombe wakirudi malishoni. Hapo ndipo kazi yote inapotoa hesabu yake. Ng'ombe aliyeridhika na maji huzamisha mdomo, huacha matundu ya pua juu, kisha huvuta kimya kimya, funda baada ya funda, hadi ubavu unajaa. Asiyeridhika hunusa, hurudi hatua moja nyuma, hulamba juujuu na kuondoka na kiu yake. Mwangalie huyo kabla hujasikiliza maelezo ya fundi.

Busiu iko kusini mwa mji wa Mbale, kando ya barabara ya kwenda Tororo, kwenye tambarare iliyo chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba. Mvua za masika na za Agosti hadi Oktoba hujaza kila shimo. Kisha Desemba huja, na hadi Februari yote nyasi hugeuka majivu. Bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, lakini nguzo hufuata barabara na maduka, wakati bwawa la mfugaji liko bondeni. Kule chini nguvu zilizopo ni tatu: jua, miguu ya mtu na mteremko wa ardhi.

Kwa nguvu hizo mtu anaweza kujenga kazi safi sana. Kipimo chake kikuu ni kimoja: mnyama anywe maji ya bwawa bila kuweka ukwato bwawani. Akiingia, anakunya alimokunywa, anabomoa ukingo, na anakula nyasi za majimaji zenye mbegu za minyoo ya ini inayotokana na konokono wa matopeni. Mfugaji anayenunua dawa ya minyoo kila msimu huku ng'ombe wanaoga bwawani anajaza pakacha maji.

Birika

Birika la ng'ombe wakubwa liwe na kimo cha sentimita 50 hadi 60, na la mbuzi na ndama liwe chini zaidi. Pitisha kiganja kwa ndani: saruji iwe laini, isiyo na nyufa za kuficha utelezi wa kijani. Tafuta kiziba sakafuni, maana birika lisilo na kiziba halioshwi, linaongezwa maji tu juu ya uchafu wa jana. Kulizunguka birika kuwe na mawe yaliyopangwa au changarawe iliyoshindiliwa, upana wa ng'ombe mzima, ili kwato zisisimame kwenye tope.

Sasa bonyeza kwa mkono kiboya kinachofungua na kufunga maji ya birika. Maji yaje papo hapo. Kiachie, nayo yakatike kabisa. Tone kubwa moja kwa kila sekunde linaweza kufikia lita 20 kwa siku, jerikeni nzima inayomwagika bila mtu kuiona, na ndiyo inayoleta tope ulilolikuta. Kiboya kiwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko kizito, kwani ng'ombe akishiba huanza kukichezea kwa ulimi.

Tangi na bomba

Hapa omba hesabu. Ng'ombe wa kienyeji huhitaji kama lita 40 kwa siku wakati wa kiangazi; anayekamuliwa maziwa mengi anaweza kufikia 80 au zaidi. Mbuzi huhitaji lita tano hivi. Mwenye ng'ombe kumi wa kienyeji na mbuzi ishirini anatafuta lita 500 kwa siku. Tangi lake libebe siku tatu, yaani lita 1,500, kwa sababu kuna siku za mawingu, na kuna siku pampu inafunguliwa na mpira mpya uko Mbale mjini.

Kisha chukua jerikeni ya lita 20 na simu yenye saa. Fungua bomba linaloingia birikani. Ikijaa kwa dakika mbili, unapata lita kumi kwa dakika, na ng'ombe mmoja mwenye kiu anaweza kunywa kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Hilo si kosa, mradi birika liwe kubwa kiasi cha kunywesha kundi la kwanza huku bomba likifidia. Kosa ni birika dogo kwenye bomba jembamba: madume hunywa, ndama hulamba saruji.

Pampu

Pampu ya kukanyaga kwa miguu ni urithi mzuri wa ukanda wetu. Shirika la KickStart, lililoanzia Kenya mwaka 1991 kwa jina la ApproTEC, ndilo lililozisambaza kwa jina la MoneyMaker. Kwa lita 500 kwa siku, kijana mmoja anamaliza kazi kabla jua halijawa kali. Ila pampu ya kuvuta ina mpaka wake: isikae zaidi ya mita sita au saba juu ya maji. Busiu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza uwezo wa kuvuta. Kwa hiyo mwenye ujuzi huiweka pampu karibu na maji, kisha huiacha isukume kwenda juu.

Kwa sola, jihadhari na ukubwa usio na sababu. Kuinua lita 500 kwa kimo cha mita kumi ni kazi ndogo: hata pampu ikipoteza robo tatu ya nguvu njiani, haifiki wati-saa 60. Paneli moja ya wati 100 inatosha na kubaki. Anayekuuzia paneli sita kwa kazi hiyo anauza paneli. Tena uliza kama kuna betri. Tangi lililo juu ya kichuguu ndilo betri bora: linahifadhi jua la mchana kwa umbo la maji, nalo halifi baada ya miaka mitatu.

Mdomo wa bomba

Sehemu hii hutofautisha fundi na mfunga mabomba. Nimewahi kulivuta bomba lililolala sakafuni mwa bwawa na kukuta chujio limegeuka bonge la udongo mweusi, linanuka yai bovu, na ndani yake ruba wawili wamejikunja. Maji hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakinyweshwa.

Tiba yake ni jerikeni tupu ya lita tano, imefungwa kifuniko barabara, inaelea katikati ya bwawa. Chini yake, kama sentimita 40, chujio linaning'inia. Juu kabisa kuna ukungu wa kijani na majani yanayoelea. Sakafuni kuna tope. Katikati kuna maji safi kuliko yote. Jerikeni hupanda na kushuka pamoja na maji, na chujio hufuata. Kamba ifike ukingoni, ili mtoto aweze kulivuta chujio na kulisugua bila kuingia majini. Muulize mwenyeji, "Mzee, tunaweza kulitoa tulione?" Akilitoa kwa dakika moja, huyo anajua kazi yake.

Bwawa lenyewe

Usidanganywe na upana. Bwawa la mita 20 kwa 20 hupoteza kwa jua kama milimita tano kwa siku ya kiangazi, yaani lita 2,000: jua linakunywa mara nne ya ile mifugo yote ya hesabu yetu. Kina ndicho akiba. Mita tatu ziwepo mvua zinapokatika.

Udongo hupimwa kabla ya kuchimba bwawa. Chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji alfajiri, na jioni lijaze tena na kulifunika kwa matawi. Asubuhi maji mengi yakiwa yamebaki, udongo unashika.

Tazama pia njia ya maji ya ziada: pana, imeota nyasi, iko pembeni mwa tuta. Usiku wa Julai 30 kuamkia 31 mwaka 2022, mito ya Mbale ilifurika na kuua watu. Mvua za Masaba haziheshimu tuta lisilo na pa kupumulia. Tuta lisipandwe miti, mizizi hulitoboa, na mikaratusi ikae mbali. Uzio uwepo, kwa ajili ya mifugo na zaidi kwa ajili ya watoto. Usiwe wa minyaa karibu na maji; utomvu wake ndio watu hulevyia samaki.

Mwisho, zunguka ukingo wote kwa miguu, Februari, udongo ukiwa umekauka na kuhifadhi kila alama. Tafuta kwato. Ukikuta nyayo za mtu peke yake, na njia moja nyembamba inayokwenda kwenye kamba ya chujio, rudi nyumbani ukamwambie jirani yako aje aone.