Chungu cha Nyeri na Waamuzi Wake

Ni desturi kuhakiki vitabu, mashairi na michezo ya kuigiza. Ni mara chache chungu cha jikoni kuletwa mbele ya mhakiki. Lakini chungu cha Nyeri kimepata kuletwa hukumuni mara mbili, na waamuzi wake hawakuwa watu wadogo. Wa kwanza alikuwa John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Wa pili alikuwa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe huko Tetu, akapewa tuzo iyo hiyo mwaka 2004. Wa kwanza alisema chungu kile kina upungufu. Wa pili alisema upungufu uliingia nyumbani chungu kile kilipoachwa. Ewe msomaji, huwezi kuwakubali wote wawili bila kuuliza maswali, na maswali yenyewe yanakuhusu, maana kila siku unakula, au unakataa kula, kile walichokuwa wakikipima.

Kabla ya kuwasikiliza waamuzi, yafaa tukitazame kilichomo chunguni. Neno irio, ambalo mahoteli hulitumia kama jina la pishi moja, katika Kikuyu maana yake ni chakula tu. Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja hata yakaiva. Mukimo ni vyakula vilivyopondwa pamoja: viazi au ndizi mbichi, mahindi, na majani ya malenge au jani liwashalo liitwalo thabai, ambalo moto huliondolea ukali wake wote. Kuna nduma, ambazo watu wa pwani huziita majimbi, zipendazo kingo za vijito. Kuna viazi vitamu, viazi vikuu, na uji uliochachuliwa. Na juu ya vyote kuna njahi, kunde nyeusi zenye mstari mweupe mgongoni, ambazo mwanamke aliyejifungua hupikiwa ili nguvu zimrudie. Heshima ya njahi ilikuwa kubwa hata majira yakaitwa kwa jina lake: mvua za masika ni mvua za njahi, na mvua fupi za mwisho wa mwaka ni mvua za mwere, yaani uwele. Watu walioipa mvua jina la chakula hawakukidharau chakula hicho.

Sasa tumsikilize mwamuzi wa kwanza. Mwaka 1931 Boyd Orr, pamoja na John Gilks aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba katika Koloni la Kenya, walitoa ripoti mjini London juu ya miili na afya ya makabila mawili, Wakikuyu na Wamasai. Waliona kuwa mwanamume wa Kimasai, aliyekula maziwa, nyama na damu, alimzidi mwanamume wa Kikuyu, aliyekula nafaka, mizizi na kunde, kwa urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23 kwa wastani. Tena waliona kwa Wakikuyu meno mabovu, upungufu wa damu na vidonda kwa wingi zaidi. Wakahitimisha kwamba kisa ni chakula.

Ripoti hii haikuwa kazi ya hila. Boyd Orr alikuwa mtu mwenye huruma kwa wenye njaa. Huko kwao Uskoti alikuwa ameonyesha kwamba watoto wa shule waliopewa maziwa walikua upesi kuliko wenzao wasiopewa, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ila hoja yake ina nyufa, nami nakuomba uzitazame kama ambavyo ungetazama nyufa za hoja yoyote. Urefu wa mtu hautoki chunguni peke yake. Wamasai na Wakikuyu ni watu wa nasaba mbili mbalimbali, na mtoto hurithi kimo kwa wazazi wake kabla hajaonja uji. Kumpima mmoja kwa mwenzake, kisha kuutoza chungu tofauti yote, ni sawa na kusema kwamba twiga ni mrefu kuliko ng'ombe kwa kuwa hula majani ya mgunga.

Ufa wa pili ni mkubwa zaidi, nao umo ndani ya ripoti yenyewe. Waandishi walikiri kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ya mboga kuliko waume zao, na kwamba tofauti ya miili kati ya wanawake wa makabila yale mawili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume. Basi kumbe ndani ya nyumba moja palikuwa na vyakula viwili! Mwanamke mpishi alikula thabai, mchicha na mnavu. Mwanamume aliyaona majani kuwa chakula cha wanawake na watoto, akayaacha. Kama wapimaji wangeanza na wanawake, huenda ripoti ingesema kwamba dawa imo shambani mwa Wakikuyu wenyewe, nayo yataka tu wanaume wapunguze kiburi. Lakini walianza na wanaume, kwa maana serikali ya siku zile ilihitaji nguvu za wanaume katika mashamba na reli, na jicho la mpimaji hufuata haja ya aliyemtuma.

Tena ripoti ilinyamaza juu ya ardhi. Wakati ule baadhi ya ardhi iliyo karibu na mji wa Nyeri ilikuwa imekwisha kuwa ya walowezi, kodi ilikuwa ikidaiwa kwa fedha, na vijana wengi walikuwa wameondoka kwenda kuzitafuta. Chungu kilipimwa baada ya shamba kupunguzwa. Mpishi yeyote atakuambia kwamba hiyo si haki.

Mwamuzi wa pili alianza pale alipokomea wa kwanza. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, Wangari Maathai anasimulia jinsi alivyosikia, miaka ya 1970 ilipoanza, kwamba watoto wa Kenya ya kati wana utapiamlo. Habari ile ilimshtua, kwa kuwa ndiyo nchi aliyoijua kuwa ya rutuba. Alipochunguza aliona mnyororo mmoja: mashamba yamegeuzwa kuwa ya chai na kahawa; misitu imekatwa; kuni zimekuwa adimu; na mama asiye na kuni hapiki tena kinachotaka saa nyingi motoni, bali huwapa watoto mkate mweupe, unga wa mahindi na wali mweupe, vyakula viivavyo upesi, vyenye kushibisha na visivyo na vya kutosha vya kujenga mwili. Kutokana na mawazo hayo na mengineyo alianzisha, mwaka 1977, kazi ya kupanda miti iliyokuja kuitwa Mwendo wa Ukanda wa Kijani.

Mimi naiona hoja hii kuwa mojawapo ya hoja bora zilizopata kuandikwa juu ya chakula katika nchi yetu, na sababu yangu ni kuni. Wengi huzungumza juu ya chakula kana kwamba kinaanzia sahanini. Githeri ya mahindi makavu na maharagwe makavu hutaka saa mbili au tatu za moto usiozimika. Nimeiona kazi hiyo. Mama yangu aliteleka chungu mchana, akaondoka kwenda kulima, akarudi kusukuma kuni kati ya mafiga, akaenda tena mtoni. Na jioni harufu ya mahindi yaliyoiva ilitutangulia mlangoni. Alipobahatika kupata kuni za mtikati hakukuwa na moshi, na chakula kilikuwa kitamu. Siku za matawi mabichi tulikula tukifikicha macho. Kwa hiyo asemaye kwamba akina mama wa siku hizi ni wavivu kwa kuwa wananunua mkate, kwanza na aulizwe bei ya mzigo wa kuni, kisha aulizwe ni nani aliyeubeba.

Hata hivyo mhakiki hatakiwi kumsujudia ampendaye. Utoto anaoueleza Maathai ni wa vijito safi, nduma zenye majani mapana, na shibe. Vijito vile vilikuwako, wala sina shaka. Lakini mwaka 1943, alipokuwa na miaka mitatu, njaa kali iliipita Kenya ya kati, na wazee waliikumbuka kwa jina la njaa ya mihogo. Baadaye, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, watu wa Nyeri walihamishwa kwa nguvu wakakaa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na chungu kilikuwa kitupu mara nyingi. Kwa hiyo ni vema kusoma kumbukumbu za utoto kama ambavyo mtu hutazama picha: zinaonyesha kilichokuwa mbele ya macho, wala hazionyeshi kilichokuwa nyuma ya mlima.

Liko na jambo jingine ambalo wapenzi wa chakula cha asili husahau. Mahindi yalitoka Amerika. Maharagwe ya kawaida yalitoka Amerika. Viazi vya mviringo na malenge, vivyo hivyo. Basi githeri tunayoisifu kuwa ya mababu, na mukimo unaopamba arusi zetu, ni mapishi ya Kikuyu yaliyofanywa kwa vitu vya wageni. Njahi, uwele, wimbi, kunde, nduma na viazi vikuu vilitangulia. Je, hilo linaondoa heshima ya githeri? Hata kidogo. Linaonyesha kwamba mpishi wa Nyeri hakuwa mtumwa wa mazoea: alipokea mbegu ngeni, akazitia chunguni kwa kanuni yake ya zamani ya kuchanganya nafaka na kunde, kanuni ambayo wataalamu wa lishe wanaisifu, kwa kuwa kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Lakini linamnyang'anya silaha yule asemaye kwamba kila kigeni ni sumu. Mkate haukosi thamani kwa kuwa ulitoka ng'ambo. Hukosa thamani kwa kuwa umekobolewa, na kwa kuwa unaliwa peke yake pamoja na chai ya sukari nyingi.

Nakugeukia wewe sasa, uliye katika bweni. Najua unavyoiita githeri ya shule, na majina hayo sitayaandika hapa. Una haki ya kunung'unika, maana pishi lile mara nyingi ni mahindi mengi, maharagwe ya kuhesabika, chumvi na maji. Halina kitunguu, halina majani, wala halina mkono wa mama. Lakini angalia usije ukafanya kosa la wapimaji wa mwaka 1931, waliokihukumu chakula cha nyumba nzima kwa sahani ya mtu mmoja. Githeri iliyotiwa mchicha, karoti na mafuta kidogo ni chakula kingine kabisa. Wapo wenzako ambao shule zikifunguliwa huona haya kutoa nduma iliyochemshwa na mama zao, wakaificha chini ya nguo sandukuni, kisha wakatumia fedha zao kwa chipsi zilizokaangwa katika mafuta meusi. Haya hiyo haikuanzia kwao. Ilianza siku mkate ulipokuwa alama ya mtu aliyesoma, na nduma ikawa alama ya mtu aliyebaki nyumbani.

Bei imekwisha kuupindua mzaha huo. Nenda soko la Karatina, ambalo ni mojawapo ya masoko makubwa ya wazi katika Kenya, ukaulize bei ya njahi. Utaambiwa ni ghali kuliko maharagwe mengi yaliyo kando yake. Nduma nayo inauzwa mijini kama kitu cha anasa. Mnavu na mchicha, majani yale yale ambayo mwanamume wa mwaka 1931 aliyaacha kwa mkewe, hufungwa mafungu mafungu yakapelekwa Nairobi, na wanaoyanunua ni watu wenye magari, ambao madaktari wamewaambia wapunguze nyama. Thabai peke yake ndiyo bado inaota bure kando ya njia, na anayeitaka huichuma kwa kuifunika mkono kwa kitambaa.